Nani akae kwenye bodi ya shule? Tathmini ya Bodi ya Usimamizi, kiti kwa kiti

Kila shule ya umma nchini Kenya ina Bodi ya Usimamizi, ile ambayo wengi huiita BoM. Ilianzishwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, ikachukua nafasi ya bodi za magavana katika shule za upili na kamati zilizokuwa zikisimamia shule za msingi. Mzazi haendi dirishani kuilipia, lakini ni huduma anayostahili kuipima kama anavyoipima zahanati au benki. Bodi ndiyo inayopokea fedha za shule na kuzitolea hesabu. Ndiyo inayoajiri mpishi na mlinzi, inayosikiliza kesi ya nidhamu ya mtoto, na inayotakiwa kuandikia Bodi ya Elimu ya Kaunti ripoti kila muhula kuhusu hali ya shule.

Tumeitathmini kwa swali moja tu: je, waliopewa viti ndio wanaofaa kusimamia uboreshaji wa shule? Tunaona wazazi sita ni msingi mzuri, ingawa tungeongeza mmoja. Viti vya mfadhili, yaani kanisa, msikiti au shirika lililoanzisha shule, vimezidi. Mtu anayejua hesabu hana kiti chake, mfanyakazi asiye mwalimu amesahauliwa kabisa, na mwanafunzi huitwa mkutanoni aseme machache tu kisha atolewe. Juu ya hayo yote kuna tatizo moja linaloharibu hata viti vizuri: katika shule nyingi majina ya wasimamizi huanzia kwenye meza ya msimamiwa, yaani mwalimu mkuu.

Kilicho mezani

Kiwango rasmi cha mgao wa serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Wa sekondari ya msingi ni 15,042, na wa shule ya msingi ni 1,420. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 400 inahesabiwa shilingi 8,897,600 kwa mwaka, kabla ya kuondoa kinachobaki wizarani kwa mambo kama vitabu. Utaratibu ni asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili na 20 wa tatu, kwa hiyo shule hiyo hutarajia 4,448,800, kisha 2,669,280, kisha 1,779,520. Kila mtu aliye karibu na shule anajua kwamba fedha hizo huchelewa na mara nyingi huja pungufu. Hapo ndipo bodi inapojulikana ubora wake, maana lazima mtu aamue nani alipwe kwanza: muuza mahindi, kampuni ya umeme au mwalimu aliyeajiriwa na bodi kwa sababu Tume ya Kuwaajiri Walimu haijaleta wa kutosha.

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hulikosea. Bodi haimwajiri wala kumfukuza mwalimu mkuu. Hiyo ni kazi ya Tume. Kule Chicago, sheria ya 1988 ilizipa shule mabaraza yao wenyewe yenye wazazi sita, wanajamii wawili na walimu wawili pamoja na mkuu wa shule, na mabaraza hayo yakapewa uwezo wa kumchagua mkuu na kumpa mkataba wa miaka minne. Mzazi wa Kenya hana rungu hilo. Silaha ya bodi yake ni karatasi: bajeti isiyopitishwa, malipo yasiyoidhinishwa, kumbukumbu za mkutano na ripoti kwa kaunti. Kwa sababu hiyo tunapopima nani anafaa kukaa, tunatafuta watu watakaosoma karatasi na kukataa kutia sahihi pale pasipostahili sahihi. Hodari wa kuhutubia watu tutamtafutia kazi nyingine.

Viti sita vya wazazi

Sheria inataja wajumbe 13: sita wa wazazi au jamii, mmoja wa Bodi ya Elimu ya Kaunti, mmoja wa walimu, watatu wa mfadhili, mmoja wa makundi yenye maslahi maalumu katika jamii na mmoja wa watu wenye mahitaji maalumu, yaani wenye ulemavu. Mwakilishi wa baraza la wanafunzi huongezeka kwa wadhifa wake. Bodi pia inaweza kujiongezea watu wenye ujuzi, wasiozidi watatu.

Sita kati ya kumi na watatu ni karibu nusu, na tunaona ni msingi mzuri. Kosa limo kwenye neno moja la sheria: viti hivyo ni vya wazazi wa wanafunzi au, kwa shule za sekondari za kaunti, vya jamii ya eneo. Kupitia neno hilo "jamii" huingia mfanyabiashara wa mjini ambaye watoto wake wote wanasoma akademia, au afisa mstaafu anayeheshimika lakini hajawahi kuona karatasi ya mtihani ya shule hiyo. Afrika Kusini walifunga mlango huu mapema. Sheria yao ya shule ya 1996 inataka wazazi wawe wengi kuliko wajumbe wengine wote wenye kura wakijumlishwa, inamzuia mzazi aliyeajiriwa na shule kuwakilisha wazazi, na inataka mwenyekiti awe mzazi. Tungependa Kenya ichukue kanuni hiyo ilivyo.

Mzazi yupi basi? Wa kwanza ni yule ambaye mtoto wake atakuwepo shuleni kipindi chote cha bodi. Bodi hukaa miaka mitatu. Mzazi wa mwanafunzi aliye mwaka wa mwisho atabaki bila mtoto shuleni kabla bodi haijajua hata deni la shule ni kiasi gani. Sekondari ya juu ya mtaala mpya, iliyopokea Gredi ya 10 kwa mara ya kwanza Januari 2026, ni ya miaka mitatu, Gredi ya 10 hadi ya 12. Hii ni bahati inayofaa kutumiwa: mzazi wa Gredi ya 10 akichaguliwa muhula wa kwanza, kipindi chake na cha mtoto wake vinakwenda sambamba. Katika shule ya msingi, ambayo tangu 2023 inabeba pia sekondari ya msingi, tungetafuta wazazi wa Gredi ya 4 hadi ya 6, na angalau wawili wenye watoto Gredi ya 7, mwanzo wa sekondari ya msingi, maana huko ndiko kuna uhaba wa maabara na walimu wa sayansi, na ndiko fedha za mwanafunzi mmoja ni mara kumi ya zile za mdogo wake aliye darasa la chini katika uwanja huohuo. Asipokuwepo mtu wa kulinda mpaka wa akaunti hizo mbili, fedha za maabara huishia kwenye uzio.

Wa pili ni mzazi ambaye hauzii shule chochote. Si mahindi, si kuni, si sare, si usafiri. Wapo wanaosema mjumbe anaweza kutangaza maslahi yake kisha akatoka chumbani jambo hilo linapojadiliwa. Kwenye karatasi inawezekana, mradi kumbukumbu zionyeshe saa aliyotoka na saa aliyorudi. Katika kijiji chenye wauza mahindi watatu, waliobaki chumbani wanajua kabisa nani anasubiri nje ya mlango. Asikae.

Kuna shule zinazomzuia mzazi mwenye deni la karo kugombea. Tunalipinga zoezi hili kwa nguvu zote. Linaondoa sauti ya nyumba ambazo watoto wao ndio hurudishwa nyumbani kwanza, na bodi inabaki na watu wasiojua kwamba mtoto alikosa wiki tatu za hesabu kwa sababu ya shilingi elfu mbili.

Jinsia pia ina hesabu yake. Katiba inakataza zaidi ya theluthi mbili za chombo cha kuchaguliwa au kuteuliwa kuwa wa jinsia moja. Kwa wajumbe 13, jinsia moja isizidi wanane, kwa hiyo wanawake watano ndio kiwango cha chini. Mara nyingi tatizo hujitokeza mwishoni, majina ya wanaume yakiwa yamekwisha kujaa, kisha hutafutwa mama yeyote wa kujaza. Dawa yake ni kupanga tangu mwanzo: kati ya wazazi sita, watatu wawe akina mama.

Sasa uchaguzi wenyewe. Unavyoharibika ni kwa namna ileile karibu kila mahali. Mkutano wa wazazi hufanywa siku ya kufunga shule au ya kutoa zawadi, kila mtu ana haraka ya kupanda gari. Naibu wa mwalimu mkuu husoma majina, wazazi hunyoosha mikono mbele ya walimu wa watoto wao, na orodha hupelekwa kaunti kwa barua ya shule. Nani atakataa jina mbele ya mwalimu anayemfundisha mwanawe? Utaratibu unaofaa hauhitaji fedha. Wazazi wa kila darasa wakae chumba chao peke yao; mwalimu alete rejista ya darasa ili ijulikane nani ni mzazi kweli, kisha atoke. Kura ipigwe kwa vikaratasi, ihesabiwe hapohapo. Wazazi watatu watie sahihi karatasi ya matokeo katika nakala tatu: ya shule, ya chama cha wazazi, na ya ofisi ya elimu ya kaunti, na hii ya mwisho ipelekwe na mzazi kwa mkono wake, igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua za uteuzi zikitoka, linganisha majina. Jina likiwa limebadilika njiani, mna karatasi yenye muhuri, na mnajua ofisi ya kuuliza.

Mfadhili ana viti vitatu

Mfadhili ni kanisa, msikiti au shirika lililoanzisha shule au lililoipokea chini ya jina lake. Shule nyingi kongwe za Kenya zilijengwa na wamisionari kabla ya uhuru, nyingine juu ya ardhi ya kanisa, na hakuna sababu ya kulikana hilo. Sheria inampa mfadhili ushauri wa kiroho, nafasi ya kutoa maoni kuhusu mtaala, uwakilishi kwenye bodi, na pia inamtaja kama mtoaji wa msaada wa fedha na majengo. Katika shule yenye mfadhili wa kidini, mwenyekiti huteuliwa kwa kushauriana naye.

Tatizo letu ni uzani. Viti vitatu pamoja na sauti ya kumpata mwenyekiti ni nguvu kubwa kuliko ya walimu, wanafunzi na watu wenye ulemavu wakiunganishwa. Wapo wafadhili wanaochimba visima na kujenga mabweni, na hao tunawaheshimu. Wapo ambao mchango wao wa mwisho haukumbukwi na mwalimu yeyote aliyepo, ila huamka siku mwalimu mkuu wa dini nyingine anapoletwa. Tungempa mfadhili kiti kimoja, na cha pili kwa yule anayeonyesha, kwa hati, alichoingiza shuleni katika miaka mitatu iliyopita. Anayeletwa awe mtu anayeishi karibu na kuhudhuria. Kasisi mwenye shule nyingi chini ya mkono wake hawezi kusoma vitabu vya hesabu vya zote, na kiti chake kikiwa wazi kila mkutano, akidi inakuwa mashakani.

Kiti kinachokosekana: mtu wa vitabu vya hesabu

Tukiambiwa tubadilishe jambo moja tu, tungebadilisha hili. Nafasi tatu za kujiongezea wajumbe ziliwekwa kwa ajili ya ujuzi. Lakini sheria hiyohiyo inataka mwenyekiti wa chama cha wazazi na wenzake wawili waingizwe kwenye bodi, na shule nyingi huwaweka katika nafasi hizo tatu. Viti vya ujuzi vinakwisha kabla mhasibu, fundi wa majengo au muuguzi hajatajwa.

Uingereza walikwenda njia nyingine. Kanuni zao za 2012 kwa shule zilizo chini ya serikali za mitaa zinadai bodi ya watu wasiopungua saba, wakiwemo wazazi wawili wa kuchaguliwa, mkuu wa shule, mfanyakazi mmoja na mtu mmoja wa serikali ya mtaa. Waliobaki huongezwa kwa kuangalia ujuzi ambao bodi imepungukiwa. Tunaona wazazi wawili ni wachache mno, na hatungependa Kenya ifuate hapo. Ila desturi ya kuorodhesha ujuzi uliopo na uliopungua kabla ya kumwongeza mtu ni nzuri, na haigharimu chochote.

Mtu wa hesabu anafanya nini hasa? Kila mwezi anatakiwa kuona ulinganisho wa daftari la fedha na taarifa ya benki. Unachukua salio la benki, unatoa hundi zilizoandikwa ambazo hazijafika benki, unaongeza fedha zilizopelekwa ambazo benki haijaziingiza, na jibu lazima liwe sawa na salio la daftari. Tuseme benki inaonyesha 612,400, hundi ambazo hazijafika ni 148,000, na fedha ambazo hazijaingizwa ni 20,600. Daftari linapaswa kusoma 485,000. Likisoma vingine, malipo yasimame hadi tofauti ipatikane. Hundi ileile ikitajwa kuwa "haijafika benki" miezi mitatu mfululizo, uliza imeandikwa kwa nani na iko mkononi mwa nani.

Kisha kuna manunuzi. Kila malipo makubwa yawe na karatasi nne zinazosema jambo moja: hati ya kuagiza, hati ya kupokelea mzigo, ankara, na vocha ya malipo. Tarehe zifuatane kwa mpangilio huo. Hati ya kuagiza yenye tarehe ya baada ya ankara ina maana mtu alinunua kwanza, akatafuta idhini baadaye. Waliotathmini zabuni wasiwe ndio wanaopokea na kukagua mzigo. Angalieni pia manunuzi yaliyokatwakatwa vipande, ankara tatu za muuzaji mmoja katika wiki moja, kila moja ikiwa chini kidogo ya kiwango kinachodai ushindani.

Mtu wa kazi hii hapatikani Nairobi pekee. Mweka hazina wa chama cha ushirika cha kahawa au maziwa, karani wa SACCO, mwalimu mstaafu wa biashara: yeyote kati ya hawa anatosha. Sharti letu ni moja, asiwe na uhusiano na mhasibu wa shule wala mwalimu mkuu. Na akubali kwenda shuleni siku moja kila mwezi bila kusubiri mkutano, maana bodi nyingi hukutana mara moja kwa muhula, na miezi mitatu inatosha fedha kupotea na karatasi kuandikwa upya.

Mwalimu, mpishi na mwanafunzi

Mwalimu mmoja huchaguliwa na wenzake. Ni kiti muhimu kwa sababu ndiye pekee humo chumbani anayejua kama vitabu vimetosha na kama Gredi ya 8 ilikosa mwalimu wa sayansi nusu muhula. Udhaifu wake uko wazi: mwalimu mkuu ndiye huongoza tathmini ya kazi yake inayokwenda kwa Tume. Mwalimu aliyeajiriwa na bodi yuko pabaya zaidi, kwa kuwa mshahara wake hutoka kwenye meza ileile. Walimu wamchague aliyeajiriwa na Tume, asiye naibu wala mkuu wa idara, na akifika alete takwimu zilizoandikwa: vipindi vilivyopangwa, vilivyofundishwa, na vilivyopotea. Orodha hiyo inasema mengi bila kumtaja mtu.

Wafanyakazi wasio walimu hawana kiti kabisa. Afrika Kusini wanacho. Kenya bodi huwaajiri, huwalipa na huwafukuza, lakini haiwasikilizi, ilhali wao ndio wanaojua stoo ina nini. Tupige hesabu. Kipimo kilichozoeleka katika mipango ya lishe shuleni ni gramu 150 za nafaka na gramu 40 za kunde kwa mtoto kwa mlo mmoja. Wanafunzi 400 wanakula kilo 60 za mahindi na kilo 16 za maharagwe kwa siku. Kwa muhula wa siku 65 za masomo ni kilo 3,900 za mahindi, yaani magunia 43 ya kilo 90 na kidogo juu. Daftari la stoo likisema magunia 70 yametoka, kuna magunia zaidi ya 26 yaliyokwenda kwingine, au kipimo kimepanda na bodi haikuambiwa. Mpishi anajua jibu kabla ya mkaguzi yeyote. Hadi sheria ibadilike, bodi inaweza kumwalika mpishi au mtunza stoo kama mgeni kwenye kamati ya fedha, mara moja kwa muhula, mwalimu mkuu akiwa nje.

Kiti cha mwanafunzi tunakipa uzito kuliko wengi wanavyokipa, na sababu yake ni moto. Machi 2001 wavulana 67 walikufa bwenini katika sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mwongozo wa usalama wa shule wa 2008 unaeleza bweni linavyotakiwa kuwa: mita 1.2 kati ya vitanda, njia isiyopungua mita 2, milango yenye upana wa angalau futi 5 inayofunguka kwa nje, mlango kila mwisho wa bweni na wa dharura katikati, madirisha bila nondo. Mjumbe wa bodi huona bweni mchana, limepangwa, milango wazi. Anayelala humo ndiye anajua kwamba mlango wa katikati hufungwa kwa kufuli saa tatu usiku na ufunguo hukaa na mlinzi upande wa pili wa uwanja. Bodi inawajibika kisheria kwa usalama wa wanafunzi, kwa hiyo inahitaji taarifa hiyo.

Kinavyotumika sasa, mwanafunzi huitwa mwanzoni, huombwa aseme "machache", hushukuriwa, hutolewa. Ni kweli kuna mambo asiyopaswa kusikia, kama kesi ya nidhamu ya mwenzake au mshahara wa mtu. Atoke kwa hayo tu. Taarifa yake iwe kipengele kamili kwenye ajenda, iandikwe na baraza la wanafunzi, na mkutano unaofuata uanze kwa kueleza kila jambo alilolitaja limefikia wapi. Na asiwe kiranja aliyeteuliwa na naibu wa mwalimu mkuu. Achaguliwe.

Viti vingine

Mtu wa Bodi ya Elimu ya Kaunti afanye kazi moja: kuhakikisha ripoti ya muhula imefika na imesomwa. Kiti cha watu wenye ulemavu kikaliwe na mtu mwenye ulemavu au mzazi wa mtoto mwenye ulemavu aliye shuleni hapo, na ukaguzi wake wa kwanza uwe vyoo na ngazi. Kile cha makundi maalumu ndicho hutumiwa mara nyingi kumrudisha mtu aliyeshindwa kwenye kura za wazazi. Kabla ya kumpitisha, uliza kundi lake ni lipi na lilikutana lini kumteua.

Mwalimu mkuu ni katibu wa bodi. Hatuna ugomvi na hilo, kwa kuwa ndiye mwenye taarifa. Lakini katibu anayeandaa ajenda, anayeandika kumbukumbu na ndiye anayehojiwa, anahitaji mwenyekiti mwenye tabia mbili. Kwanza adai karatasi zote siku saba kabla ya mkutano, na kilichogawiwa mezani siku hiyohiyo kiahirishwe isipokuwa ni dharura. Pili aandike mwenyewe, kwa mkono, kila uamuzi unapofanywa, kisha alinganishe na kumbukumbu zilizochapwa. Mwenyekiti asiyejua kusema "hili hatujalisoma" hafai hata kama ni askofu au profesa. Na asiwe mwanasiasa wala wakala wake. Madarasa yanayojengwa kwa fedha za maendeleo ya eneobunge huleta hamu ya kupanga nani atapewa ujenzi, na mtu wa mbunge akiwa ameshika kiti cha mbele, bodi itapokea jengo lenye nyufa na kutia sahihi.

Bodi ambayo tungeipa alama za juu

Kwa watu hao hao 13, tungeweka wazazi saba wenye watoto shuleni, watatu wao kwa uchache wakiwa wanawake, na mwenyekiti atoke miongoni mwao. Mfadhili mmoja. Mwalimu mmoja wa Tume. Mfanyakazi mmoja asiye mwalimu. Mtu mmoja wa hesabu. Mmoja wa kaunti. Mmoja wa watu wenye ulemavu. Mwanafunzi akae kama sasa, ila akae kweli. Kiti cha pili cha mfadhili mwenye hati kiongezwe juu ya hao, pamoja na mtu wa majengo pale shule inapojenga, naye akae kwa muda wa ujenzi tu.

Kwa bodi kama zilivyo leo, tunatoa alama sita kwa kumi: wazazi sita ni mtaji mkubwa, na kamati zake za fedha, taaluma, nidhamu na ukaguzi zimefikiriwa vizuri. Alama nne zimeondoka kwa viti vya mfadhili, ukosefu wa mtu wa vitabu, mfanyakazi aliyesahauliwa, na njia ya kupata majina.

Mzazi anayetaka kuipima bodi ya shule ya mtoto wake aombe karatasi tatu: orodha ya wajumbe ikionyesha kila mmoja anawakilisha nani, bajeti iliyopitishwa ya mwaka huu, na ripoti ya muhula uliopita iliyopelekwa kaunti. Aombe kwa barua, aitaje Sheria ya Kupata Habari ya 2016, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Shule ya umma ina siku 21 za kujibu, na inaweza kuongeza 14 ikiwa na sababu. Ikinyamaza, malalamiko huenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani ofisi ya Ombudsman, na barua ile yenye muhuri ndiyo kiambatisho cha kwanza.